Ndugu Akifa, Tumwandikishe

(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo)



Leo tunazungumza juu ya karatasi. Najua baadhi yenu mtasema, karatasi gani hiyo ya kutukalisha chini ya mwembe na palizi linatungoja? Karatasi yenyewe ni cheti cha kifo. Watu hawapendi kuizungumza. Mtu akitaja kifo mapema huonekana kama anakiita. Lakini kifo hakingoji kuitwa, nanyi mnaoishi karibu na maduara mnalijua hilo kuliko mimi.

Sisi Wasukuma na jirani zetu tunajua sana kuzika. Mtu akifa, nzengo inakusanyika. Huyu analeta unga, yule kuni, vijana wanachimba kaburi, kina mama wanachota maji. Mwandishi wa nzengo anaandika kwenye daftari nani ametoa na nani hajatoa. Asiyetoa analipa faini. Kazi hiyo yote inakwenda vizuri bila Serikali kutuambia. Lakini katika daftari hilo la nzengo mtaona jina la kila aliyeleta unga, na jina la marehemu mwenyewe halimo, au limo nusu. Tunaandika debe la mahindi, hatumwandiki mtu.

Sasa tuseme kuna mama mmoja Kishapu. Mume wake kijijini anaitwa Masanja. Kanisani alibatizwa Petro. Pamba ilipokosa bei alikwenda Nyarugusu, huko Geita, kutafuta dhahabu. Machimboni hakuna anayemwita Masanja wala Petro. Wanamwita Chuma, kwa sababu ana nguvu. Siku moja mwamba unamwangukia. Wenzake wanamkimbiza hospitali, anafia huko. Mwandishi wa hospitali anauliza: marehemu anaitwa nani? Wenzake wanatazamana. Mmoja anasema, "Andika Petro Chuma." Umri? "Andika arobaini." Ametoka wapi? "Shinyanga huko." Haya, imeandikwa.

Maiti inapakiwa kwenye gari, inafika Kishapu usiku, kesho yake anazikwa. Dereva anamkabidhi shemeji ile karatasi ya hospitali. Shemeji anaitia mfukoni. Matanga yanakwisha. Baada ya miezi minne yule mama anataka kuuza ng'ombe wawili alipe ada. Shemeji anasema, ng'ombe ni wa kaka yangu, wewe ni nani? Mama anakwenda Mahakama ya Mwanzo. Karani anamwuliza: cheti cha kifo kiko wapi? Mama anashangaa. Kijiji kizima kilikuwapo mazishini! Ndiyo mama, lakini hakimu hakuwapo.

Hapo ndipo penye kisa chetu. Mashahidi wa mazishi wanatosha kwa majirani. Hawatoshi mahakamani, wala benki, wala kwenye mfuko wa pensheni. Kwao mtu ambaye hana cheti cha kifo bado yu hai, ila haonekani.

Tuanze na karatasi zenyewe, maana watu wengi wanazichanganya. Ziko tatu.

Ya kwanza ni kibali cha mazishi. Hiki ni ruhusa ya kuzika, basi. Mtu akifa nyumbani, ndugu wanakwenda kwa Mtendaji wa Kijiji, au Mtendaji wa Mtaa kwa wale wa mjini, wanatoa habari, naye anaandika. Akifa hospitali, kituo cha afya au zahanati, wanaandika huko huko. Ya pili ni tangazo la kifo. Hii ni fomu ya kumwambia Msajili kwamba mtu fulani, wa umri fulani, amekufa tarehe fulani, mahali fulani, kwa sababu fulani. Ya tatu ndiyo cheti chenyewe, chenye namba na mhuri wa Msajili. Mwenye kibali hana cheti. Nasema tena kwa sababu nimewaona watu wametunza kibali miaka kumi ndani ya sanduku, wamekifunga kwa nailoni kisiloe, wakidhani ndicho cheti. Msikitupe lakini! Kibali ni ushahidi mzuri sana unapokwenda kuomba cheti.

Nani anatoa cheti? Ni Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, unaoitwa kwa kifupi RITA. Wakala huu ulianzishwa mwaka 2006. Kabla ya hapo kazi hiyo ilikuwa ya Kabidhi Wasii Mkuu, na wazee wengine bado wanaliita hivyo. Makao makuu yake ni mbali, lakini huna haja ya kwenda huko. Msajili yuko wilayani. Uliza ofisi ya Mkuu wa Wilaya, kisha uliza dawati la vizazi na vifo. Mtu wa Kahama aende Kahama mjini, wa Kishapu aende Mhunze, wa Geita aende Geita. Siku hizi maombi yanapokelewa pia kwa mtandao, kwa mfumo wanaouita eRITA. Kijana mwenye simu kubwa anaweza kumsaidia mama yake. Ila aangalie herufi asizikosee, maana nitakuja kuwaambia habari ya herufi.

Muda ni siku 30 tangu siku ya kifo. Zikipita siku 30 mlango haufungwi. Kifo bado kitaandikishwa, lakini utaulizwa maswali zaidi, utatakiwa ushahidi zaidi, na ada inaongezeka. Juu ya ada, mimi sitataja fedha hapa, maana ada hubadilishwa, na mtu akishasikia kiasi kwangu atagombana na karani. Nitasema jambo moja tu: fedha ya Serikali hulipwa kwa namba ya malipo, ile ambayo wengi wanaiita kontroli namba. Unalipa benki au kwa simu, unapata risiti. Mtu akikwambia, nipe mkononi nikusaidie iende haraka, mwambie asante, naomba namba.

Na hapa kuna jambo linalowasumbua watu wa machimbo kuliko wengine wote. Kifo huandikishwa katika wilaya kilipotokea, si mahali alipozikwa marehemu. Mwenzetu akifia Geita akazikwa Kishapu, kazi ya kumwandikisha iko Geita. Ndiyo maana nawaambia ninyi vijana: mnapokwenda kuchukua maiti ya ndugu yenu machimboni, msiwe na haraka ya gari tu. Najua gari ni la kukodi na mwenye gari anapiga honi. Lakini mmoja wenu abaki nyuma siku moja. Achukue karatasi za hospitali, asome jina lililoandikwa, apite ofisi ya wilaya. Siku hiyo moja itaokoa safari tatu za mjane kutoka Kishapu mpaka Geita, kwa nauli ya kukopa.

Wazee wananiuliza, mbona zamani hatukusumbuliwa hivi? Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo si ya jana. Waingereza waliitunga mwaka 1920. Lakini iliwalenga zaidi Wazungu na Waasia. Mwafrika hakulazimishwa. Akifa, jumbe alijua kwa ajili ya kodi, habari imekwisha. Baada ya Uhuru ndipo usajili ukaanza kupelekwa kwa wananchi wote, wilaya baada ya wilaya. Kwa hiyo babu yako kuwa hana cheti si ajabu. Lakini babu yako hakuwa na akaunti ya benki, wala leseni ya uchimbaji, wala kitambulisho cha taifa, wala fedha ndani ya simu. Wewe unavyo.

Sasa habari ya majina. Nitakaa hapa kidogo.

Mnajua majina yetu. Pacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili Doto, anayewafuata ni Shija. Aliyezaliwa kwenye mvua ni Mabula. Kwa hiyo katika kata moja mna Kulwa wangapi? Karani anapoandika "Kulwa Shija" hajamtaja mtu, ametaja ukoo mzima. Halafu mtu huyo huyo ana jina la ubatizo au la Kiislamu, ana jina la shule, na ana jina la mgodini. Kitambulisho chake kinasema hivi, kadi ya benki inasema vile, kadi ya kliniki ya mtoto wake inasema jambo la tatu. Akiwa hai anacheka tu. Akifa, ninyi ndio mtalia.

Na kuna herufi. Sisi huku L na R ni ndugu. Hata magazeti yanashindwa: lile chimbo la Kahama wengine wameliandika Nyangarata, wengine Nyangalata. Chimbo halina mirathi, haidhuru. Lakini Malongo na Marongo mbele ya karani wa benki ni watu wawili. Ng'wana na Ngwana ni watu wawili. Hapa ndipo kisomo chenu kinapofanya kazi. Mtu asiyejua kusoma anapokea karatasi, anaikunja, anashukuru. Wewe unajua kusoma. Usiikunje kwanza. Isome pale pale dirishani: jina la kwanza, jina la pili, jina la ukoo, tarehe, kijiji. Likikosewa jambo, sema kwa heshima, "Ndugu karani, naomba turekebishe hapa." Kurekebisha fomu ni kazi ya dakika moja. Kurekebisha cheti kilichokwisha pigwa mhuri ni maombi mapya.

Na kama kosa limekwisha fanyika, kama la yule Petro Chuma? Lipo njia. Mjane anakwenda kwa hakimu au wakili na kula kiapo kwamba Masanja, Petro na Chuma ni mtu mmoja. Karatasi hiyo inaitwa hati ya kiapo. Aende pia na barua ya Mtendaji wa Kijiji, na ikiwezekana kitambulisho cha marehemu. Kiapo cha uongo ni kosa la jinai, kwa hiyo mtu asije akaapa kwamba jirani yake ndiye Chuma kwa sababu ya duara la watu.

Mama pale nyuma ameuliza: na kama mtu amefukiwa na hakupatikana?

Swali zito hilo, na katika nchi yetu hii ya dhahabu si la kubuni. Mwaka 2015 pale Nyangarata wachimbaji walifukiwa mwanzoni mwa Oktoba. Siku zikapita, wiki zikapita. Siku ya 41 wakatolewa watano wakiwa hai. Januari 2017 kule Nyarugusu watu 15 walifukiwa, na baada ya siku tatu wakatoka wote wazima. Lakini Agosti 2025 pale Nyandolwa, mkoani Shinyanga, walifukiwa watu 25, na huko ndugu walikaa mdomoni mwa shimo siku nyingi wakingoja miili. Kwa hiyo mtu aliye chini ya kifusi usimwandikishe kwa kukata tamaa. Mtendaji haandiki kibali cha mtu ambaye hakuna aliyemwona amekufa. Huyo kwanza ni mtu aliyepotea. Habari zake zinapelekwa polisi na ofisi ya madini, majina ya waliokuwa nao yanaandikwa. Asipopatikana kabisa, kazi hiyo ni ya mahakama. Sheria inaruhusu mahakama kumhesabu mtu kuwa amekufa baada ya miaka kupita bila habari zake kwa wale ambao wangepaswa kuzipata. Ni njia ndefu. Ile siku ya meli ya MV Bukoba, Mei 21, 1996, mamia ya watu walikufa ziwani, na wengine walizikwa pamoja pale Igoma, Mwanza. Familia zilizokuwa na uthibitisho wowote kwamba ndugu yao alipanda meli ile zilikuwa na la kusema. Nanyi wenye maduara, wekeni daftari mdomoni mwa shimo. Anayeshuka aandikwe jina lake la kitambulisho, si la utani, na jina la kijiji chake, na namba ya simu ya mtu wa nyumbani. Anayepanda aandikwe amepanda. Daftari ni shilingi kidogo kuliko betri za tochi mnazonunua kila siku.

Kuna vifo vingine ambavyo haifai kuzika kabla polisi hawajaja. Aliyekufa kwa ajali ya mgodi au ya barabara, aliyejinyonga, aliyekutwa amekufa porini, aliyeuawa. Kuna Sheria ya Uchunguzi wa Vifo ya mwaka 1980. Na nitasema wazi, ingawa baadhi yenu mtainamisha vichwa: katika mikoa yetu bibi vizee wamekatwa mapanga kwa sababu macho yao ni mekundu kwa moshi wa miaka hamsini jikoni. Wengine walizikwa kimya kimya, kijiji kikafunga mdomo. Kifo kisichoandikwa ni kizuri sana kwa muuaji. Kikiandikwa, kuna tarehe, kuna mahali, kuna sababu, na kuna mtu aliyetia sahihi.

Tukirudi kwa mjane wetu. Akishapata cheti, anakwenda nacho wapi? Ukoo unakaa kikao, unaandika muhtasari, unapendekeza msimamizi wa mirathi. Muhtasari na cheti vinapelekwa mahakamani. Msimamizi si mrithi wa yote, kina baba nisikilizeni hapo. Msimamizi ni mtumishi wa warithi, na anatoa hesabu mahakamani. Mjane naye anaweza kuwa msimamizi, hakuna sheria inayomkataza. Zile Sheria za Mila zilizoandikwa mwaka 1963 zimewabana sana wanawake kwenye urithi. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za wanawake ililiamua shauri la wajane wawili wa Tanzania walionyang'anywa nyumba na upande wa mume kwa kutumia sheria hizo, na kamati ikasema wametendewa visivyo. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi. Lakini mjane hawezi hata kuanza kusema hayo bila cheti. Mlango wa kwanza ni huo.

Mwingine ni mfuko wa hifadhi ya jamii, kwa aliyekuwa na ajira. Aliyefia kazini katika mgodi wenye mwajiri, familia yake iulize Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015. Mwingine ni benki. Mwingine ni fedha za kwenye simu. Hapo najua vijana mna njia yenu, mnaijua namba ya siri ya baba na mnazitoa usiku ule ule wa msiba. Ndiyo mwanzo wa ugomvi wa ndugu, maana asubuhi kila mmoja anauliza zilikuwa ngapi. Na mwingine ni watoto. Yatima anayeomba mkopo wa kusoma chuo kikuu anatakiwa kuonyesha cheti cha kifo cha mzazi, na cheti hicho kihakikiwe na RITA. Mtoto ana miaka kumi na tisa, baba alikufa akiwa na miaka minne, dirisha la maombi linafungwa baada ya wiki chache, na sasa ndipo familia inaanza kumtafuta Mtendaji wa miaka ile, ambaye naye amekwisha kufa.

Kwa kifo cha zamani kama hicho, fanyeni hivi. Tafuteni kibali cha mazishi kama kipo. Kama hakipo, tafuteni karatasi ya hospitali, au kitabu cha kanisa au cha msikiti, au hilo daftari la nzengo. Tafuteni wazee wawili waliozika. Nendeni kwa Mtendaji wa mahali alipofia, awape barua. Kisha nendeni wilayani. Msimame pale na subira, lakini msiondoke bila kuambiwa kwa maandishi ni kitu gani kimepungua. Neno la mdomo, "njoo kesho," halina tarehe.

Ndugu mmoja hapa mbele anasema Mtendaji wao haonekani ofisini. Basi mwandikieni. Barua inangoja mezani hata mtu akiwa hayupo, na nakala yake inabaki kwako. Andikeni nakala mbili, na ile yako apige mhuri au atie sahihi aliyeipokea. Chukueni kalamu, nitasoma polepole:

Kijiji cha ..............
Kata ya ..............
Tarehe ..............

Kwa Ofisa Mtendaji wa Kijiji.

Ndugu,

YAH: KUOMBA BARUA YA KUANDIKISHA KIFO

Mimi .............., mkazi wa kitongoji cha .............., natoa habari za kifo cha .............. (majina matatu, kama yalivyo kwenye kitambulisho), ambaye pia alijulikana kwa jina la .............. Alikuwa ni .............. wangu (mume, mke, baba, mama, mtoto).

Alikufa tarehe .............., mahali panapoitwa .............., akiwa na umri wa miaka .............. Alizikwa tarehe .............., kijiji cha ..............

Mashahidi waliokuwapo ni 1. .............. na 2. ..............

Naomba barua yako ili nikaandikishe kifo hiki kwa Msajili wa Wilaya. Nimeambatisha ..............

Wako,
(sahihi)
..............

Pale penye "ambaye pia alijulikana kwa jina la", mtu wa machimboni aandike yote, hata lile la utani.